Mpini wa Rivolva ya Kuwindia: Jinsi ya Kuuchagua na Kuurekebisha Ili Teke Lisikushinde

Msimu wa kulungu ukikaribia, maswali huwa ni yale yale. "Nimenunua .44 Magnum, nikipiga risasi chache mkono unawaka moto. Ninunue mpini wa mpira?" "Mpini wa mbao unanichubua katikati ya kidole gumba na cha shahada, nifanyeje?" "Nikifunga mpini mkubwa zaidi, teke litapungua?" Ninayajibu yote hapa kwa utaratibu, ili anayeanza ajue ashike lipi kwanza na lipi baadaye.

Mwongozo huu ni wa ndugu zetu walioko Marekani, ambako majimbo mengi yanaruhusu kuwinda kwa bastola. Kenya ilifunga uwindaji tangu 1977, na kwingine Afrika Mashariki bastola si silaha ya kuwindia. Kwa hiyo nikisema kulungu hapa, namaanisha yule wa Marekani mwenye mkia mweupe. Nikisema bastola, namaanisha hasa rivolva kubwa, yaani bastola zenye silinda ya chemba inayozunguka, na nazitaja kwa majina ya risasi zake: .357 Magnum, .41, .44, .454 Casull, .480 Ruger, .460 na .500 za Smith & Wesson.

Jambo la kujua kabla hujatoa hata senti ni kwamba mpini haupunguzi teke. Nguvu inayorudi nyuma inatokana na uzito wa risasi, wingi wa baruti, kasi, na uzito wa bastola yenyewe. Kazi ya mpini ni kuamua teke litue wapi mkononi mwako, litandazwe kwenye eneo pana kiasi gani, na bastola izunguke kiasi gani kabla hujaidhibiti. Kwa hiyo umbo linatangulia, ulaini unafuata. Wengi hununua mpira laini wenye umbo lisilowafaa, kisha hushangaa kwa nini bado wanaumia.

Hili si suala la starehe tu. Mtu anayeogopa teke hukaza mkono na kuusukuma mtutu chini sekunde ile ile anapovuta triga. Kwenye karatasi, hilo ni tundu lililokaa pembeni. Kwa kulungu, ni utumbo uliotoboka au mguu uliovunjika, na mnyama anayekufa taratibu kichakani usiku kucha. Mkono usio na hofu ni haki ya mnyama yule.

Sheria kwanza, kwa ufupi

Kila jimbo lina kanuni zake za bastola ya kuwindia: kipimo kidogo kabisa cha risasi, urefu wa mtutu, wakati mwingine hata nguvu ya risasi. Soma kijitabu cha mwaka huu cha idara ya wanyamapori ya jimbo lako, si cha mwaka jana. Wewe uliyeingia Marekani kwa viza ya muda, jua kwamba sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki au kushika silaha na risasi isipokuwa uwe ndani ya misamaha maalumu, mmojawapo ukiwa kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mwenye kadi ya kijani yuko kwenye kundi tofauti. Kama huna hakika uko wapi, muulize mwanasheria kabla hujagusa kitu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bisibisi zinazoingia sawasawa kwenye mfereji wa skrubu. Ncha iwe ya pande sambamba, si ya kabari kama bisibisi za kawaida za nyumbani, ambazo huruka na kuchana chuma.
- Ufunguo wa Allen, kwa mipini inayofungwa na skrubu moja kutoka chini.
- Risasi bandia za mazoezi, angalau sita.
- Tepu ya karatasi ya mafundi rangi, kalamu ya risasi, na chaki ya rangi.
- Kipande cha tyubu ya ndani ya baiskeli, au tepu ya raketi ya tenisi.
- Epoksi ya kukanda kwa mkono, ile inayouzwa kama udongo, na epoksi ya maji ya sehemu mbili.
- Nta ya fanicha, ya kuzuia epoksi isigande kwenye chuma, na plastisini kidogo.
- Msasa namba 80, 120, 220 na 400, pamoja na kijiti cha mviringo cha kuuzungushia.
- Mafuta ya tung au ya kitani kwa ajili ya mbao.
- Barakoa ya vumbi, miwani, vizibo vya masikio na vifuniko vya masikio. Nimetaja vyote viwili vya masikio kwa makusudi. Utaona sababu kwenye hatua ya kumi.

Huhitaji mashine. Kazi yote hapa ni ya mkono, na ni bora hivyo, maana mashine huondoa mbao haraka kuliko akili inavyoamua.

Hatua kwa hatua

1. Toa risasi zote, kisha ziondoe chumbani.

Fungua silinda, hesabu chemba zote kwa jicho na kwa kidole. Risasi hai zikae chumba kingine. Rudia ukaguzi huu kila unapoirudia bastola, hata kama ulikwenda kunywa chai tu.

2. Tafuta mahali hasa panapoumia.

Usianze kwa kununua, anza kwa kuchunguza. Nenda uwanja wa shabaha, paka chaki kwenye mpini mzima, piga risasi tatu au nne za nguvu unayokusudia kuwindia, kisha weka bastola chini na uangalie kiganja. Chaki itakuonyesha mahali mpini ulipogusa na mahali palipobaki na uwazi. Wekundu utakuonyesha mahali teke lilipotua.

Soma mkono hivi:

- Wekundu katikati ya gumba na shahada: mgongo wa fremu (kiunzi cha chuma cha bastola) ni mwembamba, au mkono uko chini mno, au kingo za vibao (vipande vya pembeni vya mpini) zimesimama juu ya chuma.
- Maumivu kwenye fundo la kidole cha kati: kinga ya triga inakipiga kwa sababu nyuma yake pana uwazi usiojazwa.
- Mshtuko kwenye mzizi wa gumba: bastola haijakaa mstari mmoja na mkono wako, umeizungusha pembeni ili kidole kiifikie triga.
- Kidole cha mwisho kimechubuka: mpini ni mfupi, au una ncha kali chini.
- Ngozi imechubuka kwa vinukta vidogo: michoro ya kukwaruza kwenye mbao ni mikali mno.

3. Pima umbali wa triga.

Chemba zikiwa tupu, shika bastola ili mtutu ulale mstari mmoja na mfupa wa mkono wako wa chini. Sasa angalia kidole cha shahada. Kwa rivolva ambayo unavuta nyundo kwanza kwa gumba, nyama ya pingili ya kwanza itue katikati ya triga. Kwa ile inayovutwa triga moja kwa moja kwa safari ndefu, unaweza kuhitaji kiungo cha kwanza cha kidole. Kidole kisipofika bila kuzungusha bastola, mpini ni mnene mno nyuma. Kikipita na kuzidi, mpini ni mwembamba.

Kipimo cha pili ni unene. Ukifumbata mpini, ncha ya kidole cha kati ikaribie mzizi wa gumba bila kuugusa. Ikiugusa, mpini ni mwembamba na utazunguka mkononi. Ikiwa mbali sana, huna nguvu ya kuufunga, na huko ndiko wengi wanakokosea: wanadhani mpini mnene unameza teke, kumbe vidole vinafunguka na bastola inaruka.

4. Ijue fremu uliyonayo.

Hapa ndipo penye mambo mengi, kwa hiyo twende taratibu.

Rivolva za singo aksheni, yaani zile unazovuta nyundo kwa gumba kabla ya kila risasi, zenye mpini uliopinda kama mkono wa plau zinarithi umbo la rivolva ya Colt ya 1873. Umbo hilo linaruhusu bastola kuviringika mkononi: mtutu unapanda juu, mpini unateleza chini ya kiganja, na sehemu ya teke inapotelea kwenye mwendo huo. Ukizishika kwa nguvu kupita kiasi zinakuadhibu. Kwa risasi za wastani ni tamu sana. Kwa .44 nzito huanza kugonga fundo la kidole cha kati, hasa kwenye Ruger Super Blackhawk zenye kinga ya triga ya mraba kwa nyuma, muundo uliokuja na bastola hiyo mwaka 1959.

Umbo la Bisley ni jingine. Jina linatokana na uwanja wa shabaha wa Bisley, Uingereza, na Colt walilitoa mwaka 1894. Ruger walikuja na la kwao miaka ya 1980. Mpini wa Ruger Bisley umesimama wima zaidi, unapanda juu nyuma ya nyundo na kuacha nafasi nyuma ya kinga ya triga. Bastola haiviringiki sana, inakusukuma moja kwa moja nyuma. Wenye viganja vikubwa huupenda kwa risasi nzito. Mwenye kiganja kidogo aujaribu kwanza, maana mkono mfupi huishia kushika vibaya na kupata msukumo wote kwenye mzizi wa gumba. Watu wawili wenye uzoefu ule ule wanaweza kubishana mchana kutwa juu ya maumbo haya mawili na wote wakawa sahihi, kila mmoja kwa kiganja chake.

Rivolva za dabo aksheni, ambazo triga yenyewe inaweza kuvuta nyundo, nazo zina mambo yake. Smith & Wesson fremu ya N, ile ya .44 Magnum, zamani ilikuwa na kitako (sehemu ya chini ya mpini) cha mraba. Tangu miaka ya 1990 mingi ni ya mviringo. Mpini wa kuibadilisha fremu ya mviringo iwe na umbo la mraba upo, lakini wa kinyume chake haupo bila kukata chuma, na chuma hatukati. Ruger GP100 na Super Redhawk hazina fremu kamili ya mpini, zina kishina chembamba tu kinachovikwa mpini. Hizi ni rahisi kuliko zote kurekebisha, kwa sababu umbo lote liko kwenye mpira au mbao, na nyuma kuna nafasi ya kuweka unene unaotaka.

Kwa bastola za risasi moja kama Thompson/Center Contender, mpini mzima unafungwa kwa boliti, na hatua za umbo na mbao zinafanya kazi vile vile.

5. Amua: mgongo wazi au mgongo uliofunikwa.

Mpini wa mgongo wazi unaacha chuma cha fremu kiguse kiganja. Unakupa mkono wa juu na umbali mfupi wa triga. Mpini uliofunika mgongo unaweka mpira au mbao kati ya chuma na ngozi. Kwa .357 katika bastola nzito, mgongo wazi unatosha. Kwa .44 ya nguvu kamili kwenda juu, ushauri wangu ni mgongo uliofunikwa, iwapo kidole chako bado kinafika triga. Kampuni kama Hogue na Pachmayr zinatengeneza aina zote mbili kwa fremu nyingi. Agiza kwa jina la fremu na umbo la kitako, si kwa jina la risasi.

6. Chagua kitu cha kutengenezea.

Mpira unanyonya mshtuko na haukutoki ukitoa jasho, ila unang'ang'ania ngozi. Kwenye singo aksheni hilo ni tatizo: bastola inataka kuviringika, mpira unakataa, na ngozi ya katikati ya vidole ndiyo inayochunika. Kwa singo aksheni mimi huchagua mbao iliyolainishwa, isiyo na michoro. Kwa dabo aksheni nzito, mpira.

Mbao zilizoshindiliwa kwa resini hazivimbi kwa mvua na hazipasuki ovyo. Mbao za kawaida kama jozi ni rahisi kuchonga. Kuna wanaoniuliza juu ya mpingo wa nyumbani. Ni mti mzuri mno, mzito na mgumu, na uzito wa ziada nyuma hausumbui, lakini una mafuta yanayokataa gundi, kwa hiyo ufute kwa asetoni kabla ya kugandisha chochote. Vumbi lake, kama la jamii yote ya mipingo, linawasha ngozi na kifua, barakoa si hiari. Na usitoke likizo Lindi au Kilwa na kipande cha gogo kwenye begi: tangu 2017 karibu jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na vibali vinahitajika. Pembe ya ndovu usiifikirie kabisa. Marekani ilibana karibu biashara yote ya ndani mwaka 2016.

7. Jaribu umbo kabla ya kuchonga chochote.

Kata kipande cha tyubu ya baiskeli chenye urefu wa mpini, kivike kama soksi juu ya mpini ulionao. Shika, vuta triga kwa risasi bandia, kisha nenda ukapige. Kama umbali wa triga ulikuwa mfupi, unene ule mdogo mara nyingi unatosha kukuonyesha jibu. Ukihitaji zaidi, ongeza tepu ya raketi mahali palepale panapohitaji, si kote.

Kwa uwazi wa nyuma ya kinga ya triga, funga fremu kwa nailoni nyembamba ya jikoni, kanda epoksi ya udongo, ijaze pale, kisha shika bastola kama unavyoishika ukilenga. Vidole vitaacha alama zao. Ondoa kipande kikiwa kimeanza kukaza, kiache kigande, kisha kisugue kwa msasa. Sasa una kielelezo cha kweli cha mkono wako. Vipo vijazio vya dukani kwa nafasi hiyo hiyo, vidogo na vya bei nafuu, na kwa bastola nyingi kijazio peke yake kinamaliza shida ya fundo la kidole.

8. Punguza mbao.

Toa vibao kwenye bastola. Usisugue mpini ukiwa juu ya fremu: vumbi la msasa likiingia kwenye mitambo linakula chuma kama dawa ya kusagia, na msasa ukiteleza unaondoa rangi ya chuma.

Chora kwa kalamu ya risasi sehemu za kupunguza, ukifuata chaki ya hatua ya pili. Anza na namba 120. Namba 80 ni ya pale tu penye mbao nyingi ya kuondoa. Sugua viboko vichache, rudisha kibao, shika, toa tena. Kazi hii ni ya kurudia-rudia na haina njia ya mkato. Maeneo yanayolipa zaidi ni haya:

- Juu nyuma, pale kibao kinapokutana na mgongo wa fremu. Ukingo wa mbao usisimame juu ya chuma hata kwa unene wa karatasi. Pitisha ukucha: ukikwama, ngozi yako nayo itakwama.
- Kijia cha gumba upande wa kushoto, kwa anayetumia mkono wa kulia.
- Juu ya kibao cha kushoto kwenye dabo aksheni, ili maganda yatoke bila kugonga mbao.
- Chini. Mipini mingi ya kiwandani imenenepa kitakoni kama chupa, na inapopiga teke mkono husukumwa kupanda. Mimi huipunguza chini na kuacha tumbo katikati ya kiganja, kwa sababu ni kiganja, si vidole vya mwisho, kinachopaswa kubeba mzigo.
- Michoro ya kukwaruza. Usiifute yote, lainisha ncha zake tu kwa namba 220.

Kosa kubwa hapa ni kuchonga mifereji ya vidole mirefu kwa kubahatisha. Mfereji usiolingana na kidole ni mbaya kuliko kutokuwa na mfereji.

9. Kaza makutano ya mbao na chuma.

Kibao kinachocheza kinafinya ngozi, kinalegeza skrubu, na mwishowe kinapasuka kwenye tundu. Kama kuna mchezo, paka nta kwenye chuma mara mbili na uifute ing'ae. Ziba matundu ya skrubu, pini, na nafasi yote inayopita spring ya nyundo kwa plastisini. Paka epoksi ya maji kidogo sana upande wa ndani wa kibao, kifunge mahali pake bila kukaza kwa nguvu, futa iliyotoka pembeni, na uache kwa saa ishirini na nne.

Onyo: epoksi ikiingia njia ya spring au skrubu ikagandishwa, umeharibu bastola. Ukiwa na wasiwasi, mpe fundi wa bunduki hatua hii. Ukishafungua na kusafisha, rudisha kila kitu na ujaribu ukiwa na chemba tupu: nyundo ivutike hadi mwisho, silinda izunguke, triga irudi bila kusita.

Kisha paka mbao mafuta, tabaka nyembamba kadhaa, kila moja ikikauka. Vanishi ya kung'aa ni nzuri machoni na ni utelezi mkononi. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje na kuyatupa kwenye pipa. Yanajipasha moto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke kwenye maji.

10. Rudi uwanjani kwa ngazi.

Vaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake. Rivolva ya magnum inapita desibeli 160, na nusu ya hofu ambayo watu huilaumu kwa teke inatoka kwenye kishindo. Nimeona wapigaji waliotulia kwa kubadili kinga ya masikio tu, kabla hawajagusa mpini.

Anza na risasi nyepesi ambazo bastola yako inakubali: .38 Special ndani ya .357, .44 Special ndani ya .44 Magnum, .45 Colt ndani ya .454 Casull. Ganda fupi huacha pete ya uchafu ndani ya chemba, kwa hiyo isafishe kabla ya kurudi kwenye ganda refu.

Kwa .460 na .500, au kwa mtu anayeshika bastola kubwa mara ya kwanza, weka risasi moja tu. Teke kali linaweza kumfanya mtu abane triga tena bila kukusudia wakati mtutu umeelekea juu.

Ukishazoea, changanya risasi hai na bandia bila kuangalia mpangilio. Nyundo ikianguka kwenye bandia na mtutu ukachovya chini, umejiona. Hapo usiongeze nguvu ya risasi, rudi ngazi moja nyuma.

Ukipiga kutoka mezani, weka mfuko wa mchanga chini ya fremu mbele ya kinga ya triga, si chini ya mtutu, na hakikisha kitako hakigongi meza kinaporudi. Mkono wa pili usikaribie uwazi wa mbele ya silinda. Gesi inayotoka pale kwenye magnum kubwa inakata nyama.

11. Lenga upya.

Hili linasahaulika kila mwaka. Risasi inatoka wakati bastola imeshaanza kuzunguka mkononi. Ukibadilisha mpini umebadilisha mzunguko, na alama ya risasi itahama, mara nyingi juu au chini. Rekebisha darubini au shabaha za chuma kwa risasi ile ile utakayowindia. Kwenye darubini angalia pia kwamba una nafasi ya kutosha mbele ya uso: mpini unaoruhusu bastola iviringike zaidi unaileta darubini karibu na paji la uso.

Kipimo changu cha kuwa tayari ni sahani ya sentimita 15. Umbali ambao risasi zako zote zinaingia ndani yake, ukiwa umekaa au umepiga goti kama utakavyokuwa porini, ndio mwisho wako wa kumpigia kulungu. Kama ni yadi 40, basi ni yadi 40.

Ikiwa bado kuna shida

*Skrubu inalegea kila mara.* Usiikaze kwa hasira, utapasua mbao. Weka tone la gundi ya bluu ya kuzuia skrubu isilegee, ile inayofunguka kwa bisibisi. Kama inaendelea, kibao kinacheza: rudi hatua ya tisa.

*Fundo la kidole cha kati bado linagongwa.* Jaza nyuma ya kinga ya triga zaidi kidogo, na uangalie kama unashika juu mno kwenye singo aksheni. Kuteremsha mkono kidogo na kukunja kidole cha mwisho chini ya kitako kunawasaidia wengi.

*Gumba linachanwa na kitufe cha kufungulia silinda.* Kunja gumba lielekee chini badala ya kulinyoosha mbele. Isipotosha, fundi anaweza kulainisha kingo za kitufe.

*Bastola inazunguka upande mmoja kila risasi.* Vibao viwili havilingani unene, au umbali wa triga bado si sahihi. Pima kila kibao, na urudie hatua ya tatu.

*Kutu chini ya mpini wa mpira.* Jasho na mvua vinanaswa humo. Vua mpini mwisho wa kila msimu na baada ya kila siku ya mvua, futa, paka mafuta membamba.

*Umefanya yote na .454 bado inakushinda.* Basi bastola ni nyepesi kwako au risasi ni kubwa kwako. Super Redhawk ya mtutu wa inchi 7.5 ina takriban kilo 1.5, na .500 ya Smith & Wesson ya mtutu mrefu inafika kilo 2. Uzito huo upo kwa sababu. Darubini na pete zake zinaongeza uzito mbele na kutuliza mtutu, glavu yenye pedi kiganjani inasaidia mazoezini, ukiikata glavu sehemu ya kidole cha shahada. Lakini .44 yenye risasi ya greni 240 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) imekuwa ikiangusha kulungu tangu miaka ya 1950, na hakuna kulungu anayejua tofauti ikipita mahali pake.

*Ganzi kwenye gumba, au maumivu ya kifundo cha mkono yanayobaki hadi kesho yake.* Hilo si la kuvumilia na si la mpini tena. Acha kupiga, muone daktari, na umweleze wazi kwamba ni teke la bastola. Akikuruhusu kurudi, anza tena na .38 au .44 Special, hata kama msimu huu utapita.